Vioo vya plastiki vya taa za Peugeot 504 vimefubaa: vitang'arishwaje bila kuharibiwa?

Mkaazi wa Kuze aliuliza:

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Ninayo Peugeot 504 ya saluni ya miaka ya 1970, ambayo ilikuwa ya ami yangu na sasa imo mikononi mwangu. Injini ni nzima, bodi imekwisha kupigwa rangi, na viti vimeshonwa upya. Kilichobaki ni taa, na hapo ndipo ninapohitaji msaada wa wenye ujuzi.

Vioo vya taa za nyuma na vya indiketa za mbele, ambavyo ni vya plastiki, vimefanya ukungu mweupe kiasi kwamba mchana wa jua kali anayenifuata hawezi kujua kwa yakini kama nimekanyaga breki. Wekundu umepauka upande wa juu, na indiketa ya kushoto, ambayo ndiyo inayopigwa na jua la alasiri kila gari linapoegeshwa, imekaribia kupoteza rangi yake ya chungwa. Taa kubwa za mbele nazo zina mtando, ingawa si mkubwa hivyo. Nimetafuta vioo vya asili madukani nisivipate. Vilivyopo ni vya kuigiza, havikai sawasawa juu ya raba zake, na wekundu wake si ule uliotoka kiwandani. Kwa hivyo nimeazimia kuvihifadhi hivi nilivyo navyo.

Fundi mmoja aliyekuja kuitazama gari alipangusa pembe ya kioo kimoja cha nyuma kwa thina, ile ya kuzimulia rangi, na pale palipoguswa pakatokea nyufa nyembamba kama nywele. Tangu siku hiyo sijamruhusu mtu mwingine kuvigusa. Naomba mnifahamishe: je, msasa wa maji unafaa, na nianze na namba gani? Je, baada ya kung'arisha ni lazima nipulizie klia, yaani ile rangi angavu ya kinga, kama wanavyofanya watu wa Toyota? Na taa kubwa je, nazo ni kazi hiyo hiyo?

Mwalimu wa Tudor alijibu:

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kusimamisha kazi, kwa sababu kioo cha taa cha gari la zamani kikishakatwa vibaya hakina mbadala. Kabla hujanunua hata kipande kimoja cha msasa, tenga kwanza taa kubwa na hizo nyingine. Taa kubwa za 504 ni za kioo halisi. Taa kubwa za plastiki ziliruhusiwa nchini Marekani mwaka 1983, na huko Ulaya zikaenea katika miaka ya 1990, hivyo gari lako ni la kabla ya mambo hayo. Kioo halisi hakipigwi msasa, maana utakichubua tu na mwanga wake utatawanyika machoni mwa wanaokuja mbele yako. Mtando unaouona huko huwa ni mojawapo ya mambo mawili: ama ni uchafu wa vumbi na mvuke uliojenga upande wa ndani, ambao hutoka kwa kuoshwa, ama ni rifleta ya ndani, yaani bakuli linalorudisha mwanga wa balbu mbele, iliyopoteza fedha yake kwa kutu na chumvi ya bahari, na hiyo haiponi kwa kusuguliwa, bali hupelekwa kupakwa upya.

Sasa tuje kwenye vioo vya nyuma na indiketa. Vioo vya namna hiyo katika magari ya zama zile kwa kawaida ni vya akriliki, aina ya plastiki ngumu. Akriliki safi hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na inavumilia jua kuliko polikaboneti, ambayo ndiyo plastiki ya taa kubwa za magari mengi yanayoshushwa bandarini Kilindini kutoka Japani. Udhaifu wake ni mwingine: inakwaruzika upesi, na haipatani kabisa na thina, spiriti, petroli wala dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia. Plastiki iliyoumbwa kiwandani na kisha ikakazwa skrubu kwa miaka mingi ina mkazo ndani yake, na vimiminika hivyo vikiigusa, mkazo huo hujifungua kwa nyufa. Hicho ndicho kilichotokea kwenye pembe ya kioo chako.

Habari njema ni kwamba rangi ya vioo hivi imechanganywa ndani ya plastiki yenyewe, haikupakwa juu, kwa hivyo ukiondoa ngozi nyembamba ya juu huiondoi rangi. Ukungu mwingi unaouona ni mikwaruzo midogo isiyohesabika, iliyosababishwa na mchanga, na chumvi, na hasa na tabia yetu ya kupangusa gari kavu kwa kitambaa kila asubuhi. Kuna njia rahisi ya kuuthibitisha. Kioshe kioo, kikaushe, kisha ukilowanishe kwa maji safi na ukitazame kingali maji. Ukungu ukitoweka kikiwa majimaji na kurudi kinapokauka, basi tatizo liko juu tu, na msasa utalimaliza, kwa kuwa maji huijaza mikwaruzo na kuufanya mwanga upite bila kutawanyika. Ukungu ukibaki hata kikiwa kimelowa, basi ama uko upande wa ndani, ama umezama ndani ya plastiki, na hapo usisugue kabla hujajua ni upi.

Kwa rangi iliyopauka, fungua kioo na utazame ukingo wake uliokuwa umefichwa chini ya raba. Hapo jua halikufika, na ndipo utakapoiona rangi ya kiwandani. Ukilinganisha, utajua mapema ni kiasi gani cha wekundu unaweza kukitarajia na ni kiasi gani kimekwenda moja kwa moja.

Ondoa vioo garini, usivisugue vikiwa mahali pake. Skrubu zake zikiwa zimeshika kutu, usizilazimishe kwa bisbisi, kwa sababu kioo hupasuka penye tundu la skrubu kabla skrubu haijalegea. Tia tone la mafuta kwenye skrubu peke yake, subiri, na ufute mafuta yote yasitambae kwenye plastiki. Kisha vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa brashi laini, ndani na nje, uvikaushe kivulini. Mara nyingi nusu ya ukungu huondoka kwa hatua hii peke yake, na watu huiruka kwa kuwa haionekani kuwa ni ufundi.

Upande wa ndani usiupige msasa kamwe. Ukiupapasa kwa kidole utahisi vijimbavu na vipembe, ambavyo kazi yake ni kuutawanya mwanga wa balbu ndogo ujaze kioo kizima. Vilevile taa nyingi za nyuma zina sehemu ya kurudisha mwanga wa gari linalokuja nyuma, hata taa zikiwa zimezimwa. Sehemu hiyo inafanya kazi kwa vipembe vidogo sana vilivyo nyuma yake vikiwa vimezungukwa na hewa tupu. Ukivipaka vanishi au gundi, au maji yakikaa hapo, huacha kurudisha mwanga, na gari lako lililoegeshwa usiku kando ya barabara halitaonekana.

Kwa upande wa nje, kanuni yangu ni kuanza na msasa laini kadiri inavyowezekana; namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Watu wengi huanza na namba 800 kwa sababu wanataka kuona kazi ikienda mbio, kisha hutumia siku nzima kuifuta mikwaruzo waliyoitia wao wenyewe. Jaribu namba 2000 kwenye sehemu ndogo. Ikishindwa, shuka hadi 1500, na 1000 iwe ni kwa mikwaruzo ambayo ukucha unaikamata. Loweka msasa katika maji yenye tone la sabuni, uukunje juu ya sponji ngumu, na usugue kwa mkono mwepesi bila kuacha maji yakauke. Ukibadilisha namba, badilisha na mwelekeo: ikiwa ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa upana, ili mistari ya namba iliyopita ionekane wazi na ujue imekwisha lini. Kati ya namba na namba osha kioo, mikono na ndoo, kwa kuwa punje moja ya msasa mkali ikibaki kwenye maji itachora kioo chote. Malizia na namba 3000, ambapo kioo kitakuwa na ukungu mwepesi ulio sawa kila mahali.

Kisha ingia na polishi ya plastiki. Kwenye vioo vya nyuma napendelea mkono na kipande cha kanga kuukuu ya pamba iliyolainika kwa kufuliwa, kuliko mashine. Akriliki hulainika ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na pedi inayozunguka kwa kasi juu ya ukingo huifikisha hapo upesi sana. Utaiona plastiki ikivutika na kuacha alama ambayo haitoki. Ukiwa huna budi kutumia mashine, iwe kwa mzunguko wa chini, pedi ikiwa na unyevu na isitue mahali pamoja.

Baada ya hapo mimi huishia kwenye nta nzuri, inayorudiwa kila inapokoma kuyafanya maji yajikusanye matone. Klia kwenye akriliki sioni haja yake.

Dereva wa Likoni alijibu:

Maelezo ya Mwalimu ni mazuri, lakini kwa mtu asiye na nafasi ipo njia fupi. Dawa ya meno inang'arisha taa, na ile dawa ya kupuliza ya kufukuzia mbu inang'arisha zaidi: unapuliza kwenye kitambaa, unapangusa mara moja, na kioo kinarudi kuwa angavu hapo hapo. Nimeona ikifanywa kivukoni watu wakisubiri feri.

Fundi Rangi wa Changamwe alijibu:

Ndugu Dereva, kwa heshima zote, naomba mwenye 504 asiifuate njia ya dawa ya mbu. Dawa hizo nyingi zina kemikali iitwayo DEET, ambayo huyeyusha ngozi ya juu ya plastiki. Mikwaruzo inajijaza kwa plastiki iliyoyeyuka, na ndiyo sababu kioo kinaonekana kimepona pale pale. Lakini ngozi hiyo imekwisha kuwa dhaifu, na baada ya muda mfupi inarudi kuwa na ukungu mzito kuliko wa mwanzo, wenye kunata na kushika vumbi. Kwenye akriliki ambayo tayari imeonyesha nyufa kwa kuguswa na thina, sitaki hata kufikiria matokeo yake. Na tone likianguka kwenye rangi mpya ya bodi, rangi nayo itaharibika. Dawa ya meno haina ubaya huo, kwani ndani yake mna unga laini wa kusugulia, na ukungu mwepesi huutoa kweli. Ila haina kinga yoyote, na unga wake si wa kipimo kimoja kwa kila aina.

Kuhusu klia, natofautiana kidogo na Mwalimu. Kwenye polikaboneti jambo hili halina mjadala. Taa hizo hutoka kiwandani zikiwa na ngozi ngumu ya kinga, na anayezipiga msasa anaiondoa ngozi hiyo yote. Asipoirudisha kwa klia yenye kinga ya jua, taa zitageuka manjano tena, na mteja atadhani amedanganywa. Kwa akriliki nakubali kwamba si lazima, lakini indiketa ya ndugu yetu imepoteza rangi, maana yake miale ya jua inaila ile rangi iliyomo ndani, na nta haiizuii miale hiyo vya kutosha. Mimi ningeipulizia indiketa hiyo klia, baada ya kuijaribu kwanza kwenye ukingo unaofichwa na raba. Ningeacha jaribio hilo likauke kabisa na kulitazama kwa makini kama limeleta nyufa, ndipo niamue.

Atakayeichukua njia hiyo azingatie mambo mawili. La kwanza ni hewa yetu ya pwani. Klia ikipuliziwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hufanya weupe wa maziwa ndani yake, na hapo umerudi kule ulikotoka. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari ambapo mvua ni haba, kazi hutoka safi. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, mimi hukataa kabisa kupulizia taa. La pili ni afya. Klia inayochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, ina kemikali ziitwazo aisosayanati, ambazo huharibu mapafu na zinaweza kumletea mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya karatasi haizizuii. Kama huna vifaa vinavyostahili, mpe kazi hiyo mwenye chumba cha kupakia rangi, wala usiifanye barazani watoto wakiwa karibu.

Fundi wa Waya, Magongo, alijibu:

Nimesoma yote na naona halijatajwa jambo moja. Taa kutoonekana mchana si lazima iwe kosa la kioo. Kwenye gari la umri huo, lililokaa kwenye hewa ya chumvi, holda ya balbu huwa imeshika kutu na nyaya za ati, zinazorudisha umeme kupitia bodi, zimechoka pale zinapofungwa. Na kwa kuwa bodi yako imepigwa rangi hivi karibuni, inawezekana kabisa kwamba rangi imeingia chini ya ati. Balbu hapo huwaka kwa nguvu pungufu, ikiwa na wekundu wa makaa badala ya weupe. Pima volti kwenye holda taa ikiwa imewashwa, ulinganishe na volti za betri. Ukiona tofauti kubwa, kwangua pale ati inapokaa hadi chuma kionekane, safisha shaba ya holda kwa msasa laini, na upake vaselini kidogo kuzuia kutu. Kioo kiking'ara kama kipya juu ya ati mbovu, breki yako bado haitaonekana.

Mkaazi wa Kuze aliandika tena:

Nawashukuru sana, na hasa kwa jaribio la maji, ambalo limenifumbua macho. Vioo vyote viwili vya nyuma vinakuwa angavu vikilowa, na indiketa ya kulia vilevile. Indiketa ya kushoto inabaki na ukungu, na nilipoifungua niliona upande wa ndani, juu kidogo ya balbu, pana doa la hudhurungi ambalo halitoki kwa sabuni. Kwenye kingo zilizofichwa na raba wekundu ni mzito na mzuri mno. Nauliza mawili ya mwisho: doa hilo ni la nini, na zile nyufa za thina kwenye pembe ya kioo cha nyuma nizijaze kwa gundi?

Mwalimu wa Tudor alijibu:

Doa hilo ni la moto. Tazama balbu iliyomo. Indiketa na breki za magari haya hutumia balbu ya wati 21, na taa ndogo ya nyuma wati 5. Mara nyingi mtu huona kioo kimefubaa, akaweka balbu yenye wati nyingi zaidi ili kufidia, na joto lake likakiunguza kioo kutoka ndani. Rudisha balbu ya kipimo chake na ufuate ushauri wa Fundi wa Waya kuhusu ati. Doa lenyewe usilikwangue, kwani utaviondoa vile vijimbavu vya ndani na utapata duara lenye mwanga mkali katikati ya kioo. Ng'arisha upande wa nje tu, na ulivumilie doa lililobaki ikiwa mwanga unapita.

Gundi usiitie. Gundi ya haraka inayouzwa katika vichupa vidogo hutoa mvuke unaoacha utando mweupe juu ya plastiki, na yenyewe yaweza kuzidisha nyufa katika akriliki. Nyufa za thina zikiwa fupi na hazijapenya hadi ndani, zipitie kwa msasa namba 2000 pamoja na sehemu nyingine ya kioo, na zile zitakazobaki ziache zilivyo. Usiseme uondoe plastiki nyingi ili uzifikie mwisho wake, maana kioo kitabonyea hapo na kitaonekana vibaya kuliko nyufa zenyewe. La muhimu ni kutoziongezea mkazo: unaporudisha kioo, weka raba mpya au ile ya zamani iliyooshwa vizuri, kaza skrubu zote kwa mkono kidogo kidogo kwa zamu, na usimame pale tu raba inapoanza kubanwa. Hakikisha pia kwamba kitundu cha kutolea maji chini ya taa, kama kipo, hakikuzibwa na rangi mpya.

Juu ya klia, nakubaliana na Fundi Rangi kwamba jaribio kwenye ukingo uliofichika halina madhara kwa indiketa ya kushoto, na kwamba uamuzi ufuate jaribio hilo. Kwa vioo vya nyuma, ambavyo kimoja kimekwisha kuonyesha kwamba hakistahamili thina, msimamo wangu ni ule ule wa nta. Badala yake ningebadilisha namna ya kuegesha. Kama nafasi ni hiyo moja, geuza gari kila baada ya siku kadhaa ili upande mmoja usibebe jua lote la alasiri, na ulifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu na chumvi ndani.

Fundi Rangi wa Changamwe alijibu:

Nakubali. Ndugu wa Kuze, ukishamaliza indiketa ya kushoto kwa msasa namba 3000, usiipake nta kwanza ikiwa bado unafikiria klia, kwa sababu klia haishiki juu ya nta. Ioshe, ikaushe, uifunge kwa kitambaa safi, na uilete gereji pamoja na raba yake tufanye jaribio la ukingoni ukiwapo.